Zabibu Kwenye Kidole cha Babu

Ilikuwa Jumatano, saa nane na dakika kumi mchana. Najua, maana saa ya ukutani pale kwenye chumba cha dharura ilikuwa mbele yangu, na nilikuwa naitazama ili nisitazamane na watu. Mama alikuwa dirishani anaandikisha. Mimi nilibaki na babu, baba yake mama, yeye kwenye kiti cha magurudumu, mimi nimeshika mfuko wa zabibu tulizochuma asubuhi nyumbani, Mkonze.

Babu alichomwa na mwiba mguuni wiki iliyopita, akaficha. Alijifunga kitambaa, akatuambia ameteguka. Siku tulipokifungua, mguu umevimba hadi gotini, homa imempanda, na yeye anataja ng'ombe aliowauza Chemba kabla mimi sijazaliwa. Siku mbili hakula kitu. Zabibu tu ndizo alizoomba. Babu hatafuni zabibu. Anaiminya kwa vidole, maji yanaingia mdomoni, ganda anatupa. Pale tukisubiri nilimpa tano au sita. Maji yakamtiririka hadi kiganjani, nikampangusa na khanga ya mama, kavukavu hivyohivyo.

Akaja nesi mmoja mnene, mcheshi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Na huyu nani?"

"Mke wangu mdogo. Hajui kupika."

"Basi mrudishe kwao."

"Kwao ndio kwangu, nimrudishe wapi?"

Nesi alicheka mpaka akashika ukuta. Akampangusa babu kidole kwa pamba yenye spiriti, akakitoboa, akaweka tone kwenye kimashine cha kupimia sukari. Kikasoma ishirini na sita, wakati ya kawaida haizidi nane. Kicheko kikaisha palepale, akamgeukia mama aliyekuwa amerudi kutoka dirishani.

"Mama, mzee ana kisukari?"

"Hapana," mama alisema. "Yaani, hajawahi kupimwa."

Mimi nikajua. Nisingizie nini? Sikuhisi, nilijua. Muhula uliopita, kwenye maabara ya shule, tulipima sukari kwenye zabibu, na kundi letu likaharibu kila kitu. Mirija yote iligeuka rangi ya tofali, dalili ya sukari, hata ule wa maji matupu. Mwalimu akasema, "Nyie mmekula sampuli! Kanaweni, tena kwa sabuni, mikono yenu ni sukari tupu." Kidato cha tatu kizima kikatucheka. Kwa hiyo nilipoiona ile ishirini na sita, nilitazama kidole cha babu kwanza, ndipo nikamtazama babu mwenyewe.

Daktari alikuwa amefika, na wanafunzi wa udaktari watatu nyuma yake, wameshika madaftari. Nikasema, "Samahani..." Sauti ilitoka ndogo mno.

"Binti, sogea kidogo tupitishe kitanda," nesi akasema.

Nikasogea. Ndiyo hivyo tu. Ningependa kuandika kwamba nilifokewa, au nilifukuzwa, lakini hakuna aliyenifokea.

Daktari alimweleza mama taratibu. Alisema wamechukua damu ya mshipani na inakwenda maabara, wanatafuta kitu kinaitwa laktati. "Mwili ukishindwa kupata hewa ya kutosha huko ndani, unaitengeneza kwa wingi. Mtu anaweza akawa anaongea na nyinyi, anatania, kumbe ndani hali mbaya. Laktati inatuambia mapema. Tutapima na figo, na sukari tena. Ila mama, sukari ya ishirini na sita hatuwezi kuiacha inasubiri majibu."

Wakamwekea dripu, wakaanza kumpa insulini, dawa ya kushusha sukari.

Nilikaa kwenye benchi la korido, mlango ukiwa wazi. Nilitunga sentensi: Daktari, babu alikuwa ameshika zabibu. Maneno matano. Niliyapanga, nikayapangua. Nikajiambia mashine ya hospitali si mrija wa shule. Nikajiambia spiriti inasafisha kila kitu. Nikajiambia, na wakinicheka? Katika yote niliyojiambia, hilo la mwisho ndilo lililonikalisha pale.

Saa tisa na nusu babu alianza kutoka jasho. Mama akafurahi, akasema homa inashuka. Kisha nikaona taya limekaza na mkono mmoja unarukaruka wenyewe juu ya shuka. Mama akapiga yowe. Walikuja mbio, na wakati huohuo mtu wa maabara akaingia na karatasi. Damu ya mshipani, iliyotolewa kabla ya insulini, ilikuwa na sukari tatu tu. Laktati ilikuwa saba, wakati ya kawaida haifiki hata mbili.

Daktari aliisoma mara mbili. "Kidole alipima nani?"

"Mimi, daktari," nesi akajibu.

"Ulimsafisha?"

"Nilimsafisha."

"Ulimsafishaje? Tofauti yote hii inatoka wapi?"

Nesi alikuwa anasukuma maji ya sukari kwenye mshipa wa babu kwa bomba kubwa. Mfuko wa zabibu ulikuwa miguuni kwangu. Niliusukuma kwa kisigino hadi chini kabisa ya benchi.

"Mbona unatetemeka wewe?" mama aliniuliza baadaye.

"Baridi," nikamwambia. Saa kumi ya Dodoma, bati linalia kwa jua, nasema baridi.

Babu hakufa. Ile laktati ndiyo iliyowaonyesha kwamba maambukizi ya mguu yameingia kwenye damu, wakampa dawa kali, wakawa wanaipima tena na tena kuona kama inateremka, nayo ikateremka. Mguu umepona. Kichwa hakikurudi chote. Anakula mwenyewe, choo anakijua, jina la mama analikumbuka. Mimi ananiuliza, kwa heshima kabisa, nimetokea wapi na kama wazazi wangu hawajambo. Daktari alisema huenda ni ugonjwa wenyewe, huenda ni sukari ilivyoshuka, na hakuna kipimo cha kuvitenganisha hivyo viwili. Mama anamshukuru Mungu. Nami nashukuru. Lakini ile saa nzima ya kwenye benchi ni yangu, siwezi kumgawia mtu.

Kesho yake, Alhamisi asubuhi, babu akiwa bado hajafumbua macho kwenye chumba cha mahututi, nilimkuta yule nesi nje ya ofisi. Ameitwa kuandika maelezo. Karatasi ilikuwa mapajani mwake, haina hata mstari.

"Shikamoo."

"Marahaba. Babu ameamkaje?"

"Alikuwa ameshika zabibu," nikasema. "Mimi ndiye niliyempa. Zilimchuruzika mkononi."

"Ulijua lini?"

"Kimashine kiliposoma."

"Sasa mbona hukusema, mwanangu?"

Alinyanyuka, akanishika kiwiko, wala si kwa hasira, tukaingia kwa daktari. Wale wanafunzi watatu walikuwepo. Nikaanza, nikafika kwenye neno zabibu, sauti ikakauka.

"Sikusikii, binti," daktari akasema.

Nikaanza tena tangu mwanzo, kwa sauti.