Mbeleko ya Kwenda Ruangwa

Mimi ni mtu wa nyumbani. Miaka ile nilipokuwa karani Nachingwea, safari yangu ndefu ilikuwa kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha ofisini, na jioni nilirudi mbio kama kuku aliyeona wingu. Kwa hiyo habari ilipoletwa kutoka Ruangwa kwamba mama mkwe amelala, miguu imevimba, na anataka kumwona mjukuu wake angali anapumua, jambo la kwanza nililolifikiria, Mungu anisamehe, ni kitanda changu. Mke wangu alifikiria bega.

Bega lake la kushoto lilikuwa limeteguka alipoanguka na mtungi, mimba ikiwa ya miezi minane. Lilipona nusu. Tangu hapo, kila alipombeba mtoto kwa kanga iliyopitishwa begani, kama walivyobeba wenzake, hakufika kisimani bila kuuma meno. Na sasa mvua imekata barabara, malori hayapiti, mtoto ana miezi mitano na uzito wa kinu. Siku mbili za miguu. Asipobebeka, bibi yake hamwoni, basi.

"Niachie mimi," nikasema.

Mke wangu akanitazama kama anavyotazamwa mtu aliyeahidi kuzuia mvua.

Nilikuwa nimesoma sekondari, bwana. Tuliofika huko siku hizo tulihesabika kwa vidole, nasi tuliamini kwamba kila shida duniani imekaa ikitungoja sisi. Wazungu wa mradi wa karanga walikuwa wanafungasha virago, na vichakani mlikuwa na kila aina ya makorokoro yao. Nikajipatia kipande cha turubai la hema na mikanda miwili ya mkoba wa askari. Nikakaa barazani siku nzima na sindano ya magunia, nikashona mfuko wa mgongoni wenye matundu mawili ya miguu. Ili nisimwumize mtoto, niliujaribu kwanza kwa boga. Nililitia boga zito kama yeye, nikazunguka nyumba mara saba. Halikulia hata kidogo. Nikaona nimefaulu.

"Baba mtoto," mke wangu akauliza, "boga lako lina miguu?"

"Uzito unagawanyika mabega mawili. Ni hesabu tu."

"Kumbe! Bega bovu nalo limepewa mkanda wake."

Tulipomtia mtoto, alinyamaza kwa muda wa pumzi mbili. Kisha akaona alimotiwa. Miguu ilining'inia kama ya kuku anayepelekwa sokoni, turubai likamkwaruza mapaja, kichwa kikaangukia nyuma. Alilia mpaka jirani yetu akaja kuuliza nani amefiwa.

Jirani huyo alikuwa bibi wa Kimakonde, aliyevuka Ruvuma akiwa msichana, ndonya ya mti kwenye mdomo wa juu, na Kiswahili alichokiokota sokoni: kifupi, kisicho na nafasi ya kubembeleza. Alikuwa amebeba watoto tisa wa kwake na sijui wangapi wa wenzake. Akauinua mfuko wangu kwa vidole viwili.

"Hii ya punda?"

"Ya mtoto, bibi."

"Aa. Mtoto wa punda."

Mke wangu akageukia ukutani, mabega yakimtikisika, hata lile bovu.

Bibi akataka sanduku la nguo lifunguliwe. Kanga mpya niliyoinunua kwa majivuno mtoto alipozaliwa aliisugua kwenye kunjo la ndani la kiwiko chake, mahali penye ngozi laini, akaitupa kando. "Bado ina dawa ya duka. Itamchoma." Kitambaa cha kung'aa hakukisugua hata, alikifunga fundo, fundo likajifungua lenyewe, naye akanitazama mimi, kana kwamba nami nilikuwa wa kung'aa. Chini kabisa akatoa kaniki kuukuu, iliyofuliwa mpaka weusi wake ukawa kama moshi. Akaivuta hivi, akaivuta vile, akaishika juani kutafuta palipochakaa. Akaisugua kiwikoni, akafumba macho kidogo.

"Hii."

Ile nguo mimi nilikuwa nimeshaitenga niwe naifutia viatu.

Nimeona mafundi wengi maishani, wa matrekta na wa saa, lakini mikono kama ile sijaiona tena. Alimwinamisha mke wangu kama anayechuma karanga, akamlaza mtoto mgongoni, chini zaidi ya nilivyodhani. Akamtanua miguu ikumbatie kiuno, magoti yakapanda juu kama ya chura. Akakunja ukingo wa kaniki chini ya makalio yake. Ncha mbili hazikugusa bega lolote: zilipita chini ya makwapa, zikakazwa juu ya kifua, kisha kitambaa kingine cha sandukuni kikafungwa kiunoni.

"Uzito ukae kiuno," akasema. "Bega kazi yake jembe."

Mke wangu akainuka polepole, uso umekunjwa, akiyangoja maumivu. Hayakuja. Akaenda hadi mlangoni, akarudi. Mtoto alikuwa ameshalaza shavu.

"Silisikii," akasema. Macho yalimlengalenga. "Bega, silisikii."

"Na wewe inama," bibi akaniambia.

"Mimi?"

"Ruangwa mbali. Mgongo mmoja?"

Nikainama. Elimu yangu yote ikainama nami.

Tulilala Mnero kwa jamaa, na siku ya pili tulikuwa tukipokezana mtoto. Zamu ilikuwa yangu. Watu waliokuwa wanapalilia ufuta walisimama na majembe yao. "Hongera, mzazi!" mmoja akapaza sauti. "Umejifungua salama? Maziwa yanatoka?"

"Mwacheni mwenzenu," mke wangu akajibu bila kusimama. "Ninyi hata jembe mnawabebesha wake zenu."

Nilimpenda sana siku ile, ingawa alitembea mbele akicheka na mimi nilibaki nyuma na jasho.

Tulikuwa tumekubaliana kwamba karibu na kijiji angemchukua yeye. Lakini tulipofika mtoto alikuwa amelala mgongoni mwangu, na kumfungua kungemwamsha kwa kilio. Na kwetu mkwe humkabili mkwe wake uso kwa uso? Hata kidogo. Hupita kando, hutazama pengine. Nikasimama ukingoni mwa uwanja kama kigogo, na huko kibarazani, kwenye mkeka, mgonjwa alikuwa akijaribu kuinua kichwa.

Mke wangu alinikamata mabega, akanigeuza nitazame njia tuliyotoka.

"Rudi kinyumenyume," akanong'ona. "Kushoto. Kuna kinu. Kushoto, baba mtoto, huko ni kulia! Hapo. Kaa."

Nikakaa chini, mgongo wangu ukielekea mkeka. Adabu ilitimia, na mtoto alikuwa palepale alipotakiwa, karibu na mkono wa bibi yake.

Kisha, kupitia ile kaniki nyembamba, nikahisi vidole vikipapasa: kisigino kidogo, goti, makalio yaliyokunjiwa nguo. Vilikaa hapo penye kunjo, kama vinavyokagua.

"Nani amemfunga hivi?" Sauti ilikuwa dhaifu, kwa Kimwera, na haikuelekezwa kwangu.

"Jirani yetu, mama. Mmakonde."

"Anajua." Vidole vikaliachia kunjo. "Mwambie huyo mti asitikisike. Mtoto bado yumo usingizini."

Mti haukutikisika. Miguu ilikufa ganzi, siafu mmoja alinitembelea shingoni, akatalii alivyotaka. Nyuma yangu mtoto aliamka, akajinyoosha, na badala ya kulia akatoa ile sauti yake ya njiwa, na mtu akamjibu kwa sauti iyo hiyo, akakohoa, akamjibu tena. Mke wangu alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja.

Nilitamani mno kugeuka nione. Nikaendelea kuitazama njia.