Ringi ya Bupe

Nani aliyekudanganya kwamba gitaa la umeme ni mali ya watoto wa mjini?

Kama bado unaamini hivyo, nenda Chunya, upite Makongolosi, ufuate barabara ya vumbi mpaka kwenye machimbo madogo ya dhahabu, kule ambako mawingu hupita juu kwa juu yakienda kunyesha Tukuyu. Ukifika ulizia fundi Anyelwisye. Utaonyeshwa kibanda cha kuchomelea vyuma. Siku za kazi anaunga ngazi na ndoo za wachimbaji. Jumapili baada ya ibada anaweka miwani ya kuchomelea pembeni, anavaa gitaa. Alilinunua sokoni Mwanjelwa likiwa halina hata uzi mmoja, akalifunga waya za breki za baiskeli, na sasa linanguruma kama lori lenye mzigo linalopanda mlima Kitonga.

Wenzake ni wawili. Isaka, anayesaga mawe kwenye karasha, anapiga besi. Bupe, anayewapikia wachimbaji wali na maharage, anapiga ngoma ambazo Anyelwisye alimtengenezea kwa mapipa ya mafuta. Watu waliwacheka sana. Bendi ya roki, machimboni? Lakini Anyelwisye alikuwa na imani moja, na hakuificha: mtu anayeishi kwa kugonga mawe anastahili muziki unaogonga kama yeye. Miaka mitatu waliwapigia mbuzi na vumbi. Kisha ukaja mwaliko wao wa kwanza: harusi ya Makongolosi, Jumapili.

Ndiyo maana wiki ile walifanya mazoezi Ijumaa, siku ambayo haikuwa yao. Bupe alikuja na jambo jipya. Alikuwa ameokota ringi ya lori, akaining'iniza katikati ya mapipa yake.

"Wimbo uanze na hii," alisema. "Kaka Anye, wewe usiingie mpaka nikukonyeze."

Akaigonga kwa nondo, mfululizo, kwa kasi, bila kupumua.

Hakuna aliyekumbuka. Jumapili maduara, kama wachimbaji wanavyoyaita mashimo yao, huwa matupu. Ijumaa kulikuwa na watu chini. Na machimboni kuna ringi ya hatari, na ikigongwa mfululizo ina maana moja tu: ardhi inaanguka, toka.

Walitoka. Wengine peku, wengine wameacha tochi zao chini, mmoja bado ana tonge shavuni. Mbele yao alikuwa Mzee Gerson, mwenyekiti wa machimbo, ambaye miaka ya nyuma aliwahi kumfukua mwenzake kwa mikono.

"Nani amefukiwa?"

"Hakuna, baba," Bupe alisema, nondo ikimning'inia mkononi. "Ni wimbo."

"Wimbo." Mzee alilirudia neno hilo taratibu, kama mtu anayetafuna mchanga. "Na siku italia ya kweli, nani atapanda? Si watasema Bupe anaburudika? Kesho mnafungasha makopo yenu. Bwana harusi mwambieni atafute redio."

Kilichomuuma Anyelwisye ni kwamba mzee alikuwa na haki.

Ringi ikishalia, watu huhesabiwa hata kama imelia kwa makosa. Walipohesabu, wanne hawakuwapo: Clement na wenzake, wa duara jipya nyuma ya kilima. Watu wakatimua mbio, Anyelwisye mbele. Walikuta kompresa ya hewa inanguruma mdomoni mwa shimo, na huko chini patasi zinagonga kama kawaida. Isaka alizima kompresa, mzee akaita. Clement akachomoza kichwa, mweupe kwa vumbi.

"Mbona mmekuja na nyuso za msibani? Nani kafa?"

"Hukusikia ringi?" Mzee Gerson aliuliza.

"Ringi gani?"

Kila mmoja alilitazama lile shimo, akawaza lake. Miezi miwili watu wanne walikuwa wanashuka humo wakiamini kwamba kuna mlio utakaowaita, na mlio wenyewe haukuwahi kuvuka kilima.

Hapo ndipo Anyelwisye alipomgeukia mzee.

"Mzee, adhabu tunaipokea. Ila sisi tuna spika. Nitachomelea mlingoti juu ya kilima, niifunge pale, maiki niiweke kando ya ringi ya hatari, betri ya sola ipo. Huyu atasikia hata akiwa usingizini."

"Spika tunayo moja," Isaka alinong'ona. "Na harusi je?"

"Jumapili mashimo ni matupu," Bupe alijibu kwa sauti ya wote kusikia. "Siku sita iwaite wao, siku ya saba iimbe na sisi. Na ringi yangu naivunja leo. Nitaanza na pipa."

Mzee Gerson alimnyooshea Anyelwisye kidole.

"Kesho asubuhi tutaijaribu. Clement asiambiwe saa. Akipanda, mnaishusha Jumapili mkapige. Asipopanda, nilichosema nimesema."

Jua lilipozama Anyelwisye alikuwa bado anachomelea.

Kesho yake, jua likiwa limepanda na patasi zimeshachangamka, mzee mwenyewe alimpa Bupe nondo kando ya ringi ya hatari. "Gonga, mwanangu." Bupe akagonga. Mlio ulipasuka kilimani, mbuzi wakatawanyika. Anyelwisye alikuwa amesimama mdomoni mwa duara la nyuma, kompresa ikimngurumia sikioni, macho kwenye ngazi aliyoiunga kwa mikono yake. Ngazi ilitulia. Ikaendelea kutulia. Kisha ikatikisika.

Clement alitoka akihema, patasi mkononi, wenzake wakimsukuma kwa nyuma. Mzee Gerson, aliyekuwa ameshavuka kilima, aliwahesabu kwa kidole, mmoja mmoja, mpaka wa nne. Huko ng'ambo ya kilima ringi ilikuwa bado inalia. Mzee akageuka, akapanda mpaka kwenye mlingoti, akapaza sauti.

"Basi, Bupe, inatosha. Bakiza mkono wa kesho."