Siku Meneja Alipogawa Sabuni na Kuchukua wa Mwisho

Naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjanitukana, maana huko mwisho nastahili kutukanwa kidogo.

Nimemwona kwa macho yangu meneja wetu, mtu mwenye dereva wake na kiyoyozi chake, amepiga magoti kwenye sakafu ya ghala, tai kaitupa begani, anakata mche wa sabuni kwa uzi. Jasho linamtiririka. Anaogopa kupata kipande kidogo kuliko cha mfagizi.

Na aliyempigisha magoti ni mimi.

Ngoja nianze mwanzo.

Mimi ni mfungaji kwenye kiwanda cha sabuni. Kazi yangu ni kuvalisha sabuni karatasi kutwa nzima, hata nikilala naota navalisha. Kiwanda chetu kina desturi yake: mwisho wa mwaka bonasi hailipwi kwa pesa, tunagawiwa sabuni. Kila mtu anabeba fungu lake, anakwenda kuuza mtaani kwao, watoto wanapata sare za shule.

Shida ilikuwa mgawaji.

Mwaka uliotangulia meneja alijipa katoni arobaini za sabuni ya kuogea, ile inayonukia. Watu wa ofisini wakapata katoni kumi kumi. Sisi wafungaji tukapewa miche mitatu ya kufulia kila mmoja, tena iliyovunjika.

Mwaka huu watu wakasema hapana, safari hii tuchague mwakilishi akaongee. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Si kweli. Mimi nilikuwa chooni, nikarudi nikakuta nimeshachaguliwa kwa kishindo.

"Shoga, wewe una mdomo," jirani yangu wa mezani akaniambia. "Nenda tu, sisi tuko nyuma yako."

Nyuma kweli, tena mbali.

Kabla ya kikao meneja akaniita pembeni, anatabasamu. Ukimwona meneja wetu anatabasamu, shika mkoba wako.

"Mkataba wako unaisha tarehe thelathini na moja, siyo?"

"Ndiyo, bosi."

"Na wa kuusaini ni mimi, siyo?"

"Ndiyo, bosi."

"Basi kaongee vizuri."

Niliogopa, siwezi kuficha. Nina watoto wawili. Mama yao ni mimi, na baba yao pia ni mimi. Mkataba ule ndio kodi ya chumba, ndio chakula chetu.

Kikaoni tulikuwa watatu: mimi, meneja na Bi Mkubwa. Bi Mkubwa ndiye mwenye kiwanda, alikirithi kwa marehemu mumewe, na meneja ni mtoto wa mdogo wake. Vikaoni huwa anafuma kitambaa, watu wanadhani hasikii.

Meneja akaanza kunielimisha.

"Dada yangu, tofauti ya kipato haikuanzia hapa. Nchi nzima iko hivyo. Kuna elimu. Kuna majukumu. Halafu kuna soko. Soko ndilo linaloamua nani apate nini."

"Hilo soko liko wapi, bosi?"

"Haliko mahali. Ni nguvu fulani."

"Maana kwenye karatasi ya mgao naona sahihi yako tu, ya soko siioni."

Bi Mkubwa akaacha kufuma.

Meneja akakohoa. "Elewa kwamba mimi nikikosea, kiwanda kizima kinapata hasara. Ndiyo maana nalipwa zaidi."

"Mwaka jana ulikosea, tukapika sabuni isiyotoa povu mwezi mzima. Sisi tulikatwa mshahara wa siku tisa. Wewe ulikatwa nini?"

Hapo nikajua nimeharibu, mkataba umeota mbawa. Lakini maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga, nikaendelea.

"Bi Mkubwa, kwetu tulikuwa watoto saba na mkate mmoja. Mama alikuwa na sheria moja tu: anayekata ndiye anayechukua wa mwisho. Kaka yangu hesabu zilimshinda tangu darasa la pili, lakini ule mkate alikuwa anaukata vipande saba sawasawa bila rula. Hapa kwetu anayekata ndiye anayeanza kuchukua. Sasa kwa nini asijikatie kikubwa? Hata mimi ningejikatia."

Kumbukeni hayo maneno niliyoyasema kwa mdomo wangu.

Bi Mkubwa alicheka mpaka miwani ikaanguka.

"Mwanangu," akamwambia meneja, "gawa wewe. Tuna waajiriwa hamsini na nane, fanya mafungu hamsini na nane. Aanze kuchagua mfagizi, tupande hivyo hivyo, wewe uwe wa mwisho."

"Lakini mama mkubwa, mimi nina shahada!"

"Vizuri. Itakusaidia kugawanya."

Jamani! Ilimchukua siku mbili. Alianza kwa mazoea, akapanga mafungu makubwa na madogo, kisha akakumbuka lile dogo kabisa litabaki kwa nani. Akatoa mche hapa, akapeleka kule. Akaazima mizani kwa mpishi wa kantini. Siku ya pili alikuwa ananusa sabuni moja moja, asije akaachiwa zilizopoteza harufu.

Siku ya kuchagua ikafika. Mfagizi wetu, mama mtu mzima, akayazunguka mafungu yote hamsini na nane, polepole, mikono nyuma. Akazunguka tena. Akamgeukia meneja.

"Sasa mwanangu, nichague nini na yote yanafanana?"

Ghala zima vigelegele. Mshahara wa meneja haukuguswa, siwadanganyi, bado analipwa kuliko meza yetu nzima ya wafungaji. Lakini kwenye sabuni tulikuwa sawa, na katika maisha yangu yote sijawahi kubeba mzigo mzito kwa furaha namna ile. Watu walinishika mikono, wengine wakalia.

Ningekuwa na akili, simulizi ningeikatia hapo.

Kumbe kulikuwa na vibarua kumi na wawili wa kupakia magari, hawamo kwenye orodha ya waajiriwa. Bi Mkubwa akatoa katoni ishirini na nne kwa ajili yao.

"Gawa wewe," akaniambia. "Wewe ndiye unayejua haki."

Nikaingia ghalani peke yangu. Watu kumi na wawili, katoni ishirini na nne, hiyo ni hesabu ya mtoto wa chekechea. Lakini nikiwa napanga, moyo ukaanza kuninong'oneza. Nani aliuweka mkataba wake rehani? Nani alijibizana na bosi? Hawa walikuwa wapi?

Nikafungua katoni, nikapunguza kidogo kila fungu, zikapatikana katoni nne. Nikaziweka nyuma ya mlango.

Vibarua wakaingia. Mbele yao alikuwa Winchi, tunamwita hivyo kwa sababu anabeba magunia mawili kwa mpigo. Si mwongeaji. Akayaangalia mafungu, akauangalia mlango.

"Dada, haya kumi na mawili ni yetu. La kumi na tatu la nani?"

"Lipi?"

"Lile linalotuchungulia nyuma ya mlango."

"Aah, lile... lile ni la mwakilishi. Unajua, kaka, kuna majukumu."

Naapa sikulipanga hilo neno, lilitoka lenyewe. Nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu. Alikuwa meneja, amekuja kuangalia, na uso wake umenawiri utadhani anaoa siku ile.

Winchi hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Sheria si uliileta wewe? Mgawaji anachukua wa mwisho. Sisi tunaanza kuchagua, na mimi nachagua lile la nyuma ya mlango."

Akalibeba lote, akawagawia wenzake mche kwa mche, yeye akachukua wa mwisho. Kisha wakabeba na yale kumi na mawili, wakaenda zao. Mimi nikabaki ghalani na ufagio. Kweli nyani haoni kundule. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Mambo yakapelekwa kwa Bi Mkubwa. Akaamuru vibarua waandikwe kwenye orodha, na watu wachague mwakilishi upya. Safari hii sikwenda chooni. Nilinyoosha mkono wangu mwenyewe kumpigia Winchi kura.

Tarehe thelathini meneja akaniita ofisini. Nilikwenda nimeshapanga la kuwaambia wanangu.

Akauvuta mkataba wangu, akausaini, mwaka mzima. Akanipa mkono.

"Nilidhani wewe ni mtu wa hatari," akasema. "Kumbe ni mwenzetu."

Nimetukanwa sana katika maisha haya, na makondakta, na wenye nyumba, hata na mkwe. Hakuna tusi lililowahi kuniuma kama lile.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaosema nchi itanyooka siku tukipata watu wenye roho nzuri wa kutugawia: mimi nilikuwa na roho nzuri. Ilidumu siku tatu.

Msihangaike kumtafuta mgawaji mzuri. Wekeni sheria kwamba mgawaji anachukua wa mwisho, halafu msimame pale pale mkimwangalia mikono.

Hata kama mgawaji ni mimi. Hasa kama ni mimi.