Soksi Nyekundu Ndani ya Injini

Shangazi yangu ni fundi mwenye hasira za karibu. Siku moja alikuwa akifufua pikipiki kuukuu ya magurudumu manne, ile inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili. Pistoni ilikuwa imekwisha na ringi zake zimekufa kabisa.

Kabla ya kufunga pistoni mpya, shangazi huziba tundu la chini la injini ili ile klipu ndogo inayoshika pini ya pistoni isitumbukie ndani. "Ikiingia humo utajuta kuzaliwa," husema. Matambara ya gereji hayataki kwa sababu yana mchanga. Huchukua chochote safi anachokikuta kwenye kamba ya nguo.

Siku hiyo pia aliziba; klipu ikakaa, pistoni ikakaa, mshale wake ukitazama ekzosi, upande wa bomba la moshi. Akashusha silinda, akafunga kichwa chake, akakaza nati kwa kupishana, huku akiimba. Akaweka mguu kwenye kiki ya kuwashia.

Hapo mumewe, fundi cherehani, akatokea mlangoni amevaa suti ya harusi, mguu mmoja peku.

"Mke wangu, hujaiona soksi yangu nyekundu?"

Wimbo ukakatika. Shangazi akashusha mguu polepole, akaitazama injini, kisha akamgeukia mumewe.

"Mwanaume gani wewe, kila siku kupoteza vitu!" akafoka, huku mkono ukiitafuta spana.

Siku hizi, kabla ya kupiga kiki, hupaza sauti mpaka chumba cha cherehani: "Baba watoto, soksi zote unazo?"

Naye hajibu mpaka ainame atazame miguu yake.