Udongo Wenye Meno

Dusabe wa Chonyonyo hakukosa ibada, lakini mvua za vuli alizitukana bila aibu. Migomba yake ilisimama mlimani juu ya ngozi nyembamba ya udongo, na chini yake ulikuwa mwamba unaomenyuka kama kitunguu. Maji yalipoporomoka, mizizi ilibaki uchi. Mvua kubwa moja tu zaidi, na shamba lote lingelala chali.

Udongo wake ulitua bondeni, kando ya kijito kinachoelekea Kagera, katika shamba la Othman mwenye duka, mjukuu wa watu wa Pangani. Maharage ya Othman yalinenepa kuliko mwenyewe, na hilo si jambo dogo. Mvua ya mwisho ilizoa hata meno ya bandia ya Karekezi, mumewe Dusabe, aliyoyaacha uani juu ya jiwe. Asubuhi Dusabe aliteremka na jembe na kikapu.

“Habari za mlimani, Mama Hirwa?” Othman alimsalimu.

“Mlima uko kwako, Baba Samiha. Nimeufuata.”

Othman alicheka hadi kitambi kikatikisika. “Udongo hauna jina, mama. Kwetu Pangani, kilichofika mlango wa mto hakidaiwi.”

“Mto nao una mlango?”

“Pale unapoingia baharini.”

“Basi kakae hapo ungoje wa kwako. Huu wangu bado uko njiani.”

Akapiga jembe katikati ya maharage. Kwenye tope kikachomoza kitu cha rangi ya waridi, kikikenua.

“Innalillahi!” Othman aliruka nyuma. “Nani kazikwa hapa?”

Dusabe aliyaokota yale meno, akayafuta kwa pindo la kanga. “Hauna jina, lakini meno unayo. Kanisa zima linayajua haya. Huanguka kila Karekezi akipandisha sauti.”

Othman aliwaza kicheko kitakachomsubiri dukani habari ya meno ikienea, akajitwika kikapu cha udongo mwenyewe. Katikati ya mteremko alisimama akihema.

“Hiki kilima chenu hakina mwisho?”

“Kilikuwa kirefu zaidi kabla hujaanza kukila.”

Juu, alipoiona ile mizizi, utani ulimwisha. Kikapu kimoja kingeteremka tena na mvua ya kwanza. Akaomba jembe, kesho yake akaleta na vibarua wake, wakachimba mfereji wa kukinga maji, ukikata mteremko.

Mvua iliyofuata ilifika mferejini, ikatulia, ikanywewa na ardhi. Migomba ilisimama. Karekezi naye, baada ya meno kuchemshwa mara mbili, huyasuuzia upande wa juu wa mfereji tu.