Mafuta ya Alizeti Vifundoni

"Unamkimbia nani, mjukuu wangu?" Ndivyo bibi alivyozoea kuniuliza akiniona nikifanya mazoezi ya mbio.

Leo nimepasha mafuta ya alizeti nipake vifundo vyangu vya miguu, na harufu imenirudisha jikoni kwake. Nilikuwa nimeanza mbio za shule kwa raba za mtumba kutoka mnadani, kubwa mno, nimezijaza matambara. Vifundo vikavimba. Bibi alivikanda taratibu, viganja vyake vikinikwaruza.

"Bibi, mafuta yanatibu mfupa?"

"Wewe na maswali yako. Kaa, maji nitachota mimi, Jumamosi ukimbie."

Nikakaa. Alirudi na ndoo kichwani, akichechemea, nami nikadhani ni uzee tu.

Miaka mingi baadaye, picha ya hospitali ilionyesha kwamba kifundo cha bibi kilikuwa kimevunjika tangu ujana, kikaunga vibaya.