Matofali Aliyoyasoma Baba

Niliporudi Maskati kutoka masomoni Uingereza, miaka ya tisini ikielekea kwisha, nilikuwa na picha moja niliyowaonyesha watu mpaka wakachoka nayo. Ilikuwa ya nyumba kongwe ya matofali, nilikopanga chumba kwa bibi mmoja wa Kiingereza: ghorofa mbili, dohani nne juu ya paa, kuta nyekundu zenye madoa ya kijivu, na nyuma yake kibwawa cha bata. Wallahi nilivyojisikia, ungedhani nimeijenga mimi.

Siku moja mkubwa wangu wa ofisini, mtaa wa Al Khuwair, akaja nyumbani kwetu. Nilikuwa nimemposa bintiye, naye alitaka kuwaona watu wetu. Yeye ni mtu wa Maskati hasa, Kiswahili hajui hata neno. Baba alizaliwa na kukulia Tabora, akahamia Oman ukubwani, na Kiarabu chake kilikuwa cha kuombea maji. Basi mimi nikawa mkalimani.

Baada ya halua na kahawa nikaitoa picha yangu. Baba akavaa miwani, akasogea nayo dirishani.

"Tazama matofali haya, moja limelala ubavu, moja limetoa kichwa, hivyo hivyo mpaka mwisho. Ukuta mnene huu. Na haya ya kijivu hayakupakwa rangi, ndiyo yaliyokaa karibu na moto kwenye tanuri." Akakigusa kibwawa kwa kidole. "Na hapa ndipo walipochimba udongo. Shimo limejaa maji."

Yule bibi wa Kiingereza aliwahi kunieleza maneno hayo hayo, lakini yeye alikuwa na makaratasi ya nyumba tangu enzi za babu wa babu yake. Baba aliyajua kwa kutazama tu.

Nilipomfasiria mgeni, akashangaa. "Mashallah! Mzee amejuaje?"

Baba alipoelezwa swali akacheka kwa furaha. "Mwambie nimefyatua matofali ujana wangu wote! Udongo nimeukanyaga kwa miguu hii, tanuri nimelichoma mwenyewe. Nusu ya mtaa wetu kule ni jasho langu."

Nikamtazama mgeni na dishdasha yake, kanzu nyeupe iliyopigwa pasi ikanyooka. Nikamfikiria Baba yumo topeni mpaka magotini, nikaona haya. Nikasema kwa Kiarabu, "Anasema alikuwa na kiwanda cha matofali. Alikuwa na vibarua."

Haya gani hizo, jamani! Mimi niliyelishwa na kuvishwa kwa matofali hayo hayo!

Kicheko cha Baba kikakatika. Kumbe Kiarabu cha kuombea maji kilimtosha kulisikia neno vibarua. Na mgeni, kwa adabu yake, akamgeukia mwenyewe, akamuuliza polepole ili amwelewe: walikuwa wengi, hao vibarua wako?

Baba akanitazama. Angeweza kuniumbua palepale, na ningestahili. Akavua miwani, akajibu kwa Kiarabu chake cha kukatikakatika, "Wengi. Wengi sana."

Mgeni aliondoka ameridhika. Nilipomsindikiza kwenye gari alinishika bega, akaniambia tutafute siku ya nikaha. Niliporudi ndani Baba alikuwa bado amekaa pale pale.

"Nimejibu sawa, mwanangu?" akaniuliza.

"Sawa, Baba," nikasema, wala sikuweza kumtazama.